Mwenye nyumba ameongeza kodi kwa dola 700, mume anataka tununue nyumba ya familia tatu

Shangazi, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa, mwingine mitatu. Tunaishi Lowell, Massachusetts, mji ambao Wakenya tumejaa kiasi kwamba ukienda kutafuta unga na sukuma wiki hukosi kukutana na mtu wa kwenu. Mimi ni wa Nakuru. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na mume wangu anahudumia watu wenye ulemavu siku nne kwa wiki. Siku zinazobaki anaendesha Uber.

Tumepanga ghorofa ya pili kwenye nyumba ya mbao ya familia tatu, vyumba viwili vya kulala, dola 2,000 kwa mwezi, na joto tunajilipia. Mwenye nyumba ni Mkenya mwenzetu, tena ni mzee katika kanisa tunalosali. Tulipoingia mwaka 2021 hatukuandikiana mkataba. Tulimpa dola 6,000 taslimu, za mwezi wa kwanza, mwezi wa mwisho na dipoziti, tukaombewa, tukapewa funguo. Risiti hatukuona, wala hatukudai. Tangu hapo tunamlipa kwa Zelle, ile njia ya kutuma pesa kutoka benki hadi benki kwa simu, kila tarehe 1 na hatujawahi kuchelewa.

Wiki iliyopita ametuma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Anaanza kwa "wapendwa katika Bwana", halafu anasema kuanzia mwezi ujao kodi ni 2,700, na kama tunaona ni nzito tumwachie nyumba mwisho wa mwezi huu kwa sababu kuna watu kutoka upande wa Boston wameshaiulizia. Nimeusikiliza mara nyingi nikidhani nimesikia vibaya.

Mume wangu amekasirika. Anasema amechoka kumlipia mtu mogeji yake, yaani mkopo wake wa nyumba. Amempata dalali, naye ni wa jamii yetu, ambaye ametuonyesha nyumba ya familia tatu ya dola 840,000. Kulingana na dalali tunahitaji kutanguliza asilimia 3.5 tu ya bei kwa mkopo wa FHA, yaani mkopo wa benki unaodhaminiwa na serikali kuu ya Marekani. Tukae ghorofa moja, tupangishe mbili kwa 2,500 kila moja, na "mtaishi bure". Benki tuna dola 41,000. Zamu yetu ya chama ikifika tutapata nyingine 10,000. Mapato yetu kabla ya makato ni kama 9,600 kwa mwezi tukihesabu Uber na zamu zangu za ziada. Tuna mkopo wa gari wa dola 430 kwa mwezi, umebaki kama 7,000.

Kuna binamu ya mume wangu anayetaka kuingia nasi. Ataleta 15,000, atakaa ghorofa ya chini, lakini anaomba jina lake lisionekane popote kwa sababu rekodi yake ya madeni si nzuri. Na mume wangu anasema tuuze ploti yetu ya Nakuru, ambako nyumba imekwama kwenye lenta, tuongezee.

Dada yangu aliye Dallas anasema tuhame Texas tuache kuteseka. Mama yangu anasema nilipe tu, nisigombane na mzee wa kanisa. Shangazi, mimi nalala masaa manne tu kwa siku na kichwa kinaniuma. Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Lowell

*

Mwanangu, sijambo, ila barua yako imenipandisha presha. Umeniletea mambo mawili yaliyofungwa pamoja na hofu: notisi na ununuzi. Notisi ina siku zake. Ununuzi hauna tarehe, na hakuna anayeuwekea tarehe isipokuwa dalali na hasira za mumeo. Tuvitenganishe.

Ninyi hamna mkataba wa maandishi, kwa hiyo kisheria Massachusetts inawaona kama wapangaji wa mwezi hadi mwezi. Hiyo haina maana kwamba hamna haki. Mwenye nyumba akitaka kumaliza upangaji wa namna hiyo, au kupandisha kodi, lazima atoe notisi ya maandishi ya siku 30 au ya kipindi kizima cha malipo, kile kilicho kirefu zaidi. Ujumbe wa sauti, hata ukifunguliwa kwa jina la Bwana, si maandishi. Na "mwisho wa mwezi huu" si mwezi mzima. Kwa hiyo kwa sasa hamjapewa notisi yoyote. Mmepewa habari.

Hata akileta karatasi kamili kesho, nyongeza haiwi deni mpaka mkubali. Na njia rahisi ya kukubali bila kujua ni kutuma 2,700 kwa Zelle mara moja tu. Usitume. Tarehe 1 tuma 2,000 kama kawaida, saa ile ile, uandike kwenye nafasi ya maelezo ni kodi ya mwezi gani. Asipotaka kuendelea nanyi kwa bei hiyo, njia yake ni kumaliza upangaji kwa notisi, kisha kufungua kesi Mahakama ya Nyumba, na hakimu ndiye anayeamua. Kubadilisha kufuli, kukata umeme, kutoa vitu nje, hayo yote ni kosa hata kama kodi ingekuwa na deni la mwaka. Narudia kwa sababu najua mmeshaanza kutafuta maboksi: hakuna mtu wa kuwatoa mwisho wa mwezi huu.

Ila usifanye kosa la upande wa pili, la kuacha kulipa kwa sababu mmeudhika. Kesi ya kufukuzwa kwa kodi isiyolipwa huanza na notisi ya siku 14 tu, na ikishafunguliwa jina lako linaonekana kwenye kumbukumbu za mahakama, ambako wenye nyumba wengine huchungulia. Sheria mpya imeruhusu watu kuomba rekodi hizo zifungwe, lakini kwa nini uombe kufungwa kitu ambacho ungeweza kukizuia kisifunguliwe?

Sasa zile dola 6,000. Kuchukua mwezi wa kwanza, wa mwisho na dipoziti ya mwezi mmoja si kosa, sheria inaruhusu. Kosa ni yaliyofuata. Dipoziti ilipaswa kuwekwa kwenye akaunti ya pekee yenye riba, katika benki ya Massachusetts, na ndani ya siku 30 mkapewa risiti yenye jina la benki na namba ya akaunti. Hela ya mwezi wa mwisho nayo ina risiti yake na riba yake. Mwenye nyumba asipofuata hayo, mpangaji ana haki ya kudai dipoziti irudishwe mara moja, hata kabla hajahama, na kuna makosa ambayo mahakama humlipisha mara tatu. Wengi wa wenye nyumba wetu hawajui hili. Wamenunua nyumba ya Massachusetts wakaileta na desturi za Umoja na Kasarani kule Nairobi.

Je, umtishe nayo? Hapana. Lakini ujue iko mkononi mwako unapoenda kuzungumza. Tafuta ushahidi wowote wa zile taslimu: ujumbe wa siku zile, pesa ulizotoa benki siku hiyo, mtu aliyekuwepo mkiombewa. Kisha mwandikie, wewe na mumeo, kwa heshima na kwa maandishi. Kitu kama hiki: "Mzee, tumepokea ujumbe wako. Tungependa kuendelea kukaa. Nyongeza ya 700 kwa mara moja hatuiwezi. Tunaomba tuandikiane mkataba wa mwaka mmoja kwa 2,300. Pia tunaomba risiti ya dipoziti na ya mwezi wa mwisho tuliokulipa mwaka 2021, na jina la benki ilipo." Hiyo sentensi ya mwisho itafanya kazi bila wewe kuinua sauti. Akienda kwa wakili wake na barua hiyo, wakili atamwambia akae chini muelewane.

Mama yako ana haki ya kutaka amani kanisani. Lakini aliyeingiza biashara kwenye salamu za Bwana si wewe. Barua yenye adabu si ugomvi. Kama mnaona haya kumkabili peke yenu, ombeni mchungaji au mzee mwingine akae nanyi, ilimradi mkiondoka hapo pawe na karatasi yenye sahihi.

Umeniuliza kimoyomoyo mzee anapataje ujasiri wa kuruka dola 700. Anaupata kwa sababu hakuna sheria ya kumzuia. Zamani Boston, Cambridge na Brookline zilikuwa na udhibiti wa kodi, lakini mwaka 1994 wapiga kura wa jimbo zima waliuondoa kwa kura chache, asilimia 51 kwa 49, na hadi leo jiji haliwezi kujiwekea kiwango cha nyongeza. Juu ya hapo, nyumba hazitoshi. Miji mingi inayozunguka Boston kwa miaka mingi imeruhusu nyumba ya familia moja tu kwenye kiwanja kikubwa. Serikali ya jimbo yenyewe imekadiria kwamba zinahitajika nyumba mpya 222,000 ndani ya miaka kumi kuanzia 2025. Ilipitisha sheria mwaka 2021 kulazimisha miji 177 iliyo karibu na usafiri wa treni na mabasi ya Boston itenge maeneo ya kujenga nyumba za familia nyingi, na mji wa Milton ukagoma mpaka jambo likafika mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ambayo Januari 2025 ilisema sheria ifuatwe. Mahakama imesema, lakini nyumba haijengwi kwa hukumu. Wakati huo huo waliokopa mwaka 2020 na 2021 kwa riba ya chini ya asilimia 3 hawataki kuuza wakakope upya kwa zaidi ya 6. Ndiyo maana bei ya katikati ya nyumba ya familia moja katika jimbo imepita dola 600,000, na watu wa Boston wanasogea Lowell, na mzee anawasikia wakibisha hodi. Ana tamaa, lakini hajasema uongo kuhusu soko.

Haya, sasa hiyo nyumba ya 840,000. Chukua kalamu, na mumeo akae karibu.

Asilimia 3.5 ya 840,000 ni 29,400. Hapo dalali amesema kweli. FHA huongeza ada ya bima yake kwenye mkopo, kwa hiyo deni litakuwa kama 825,000. Kwa riba ya asilimia 6.5 na miaka 30, benki pekee ni kama 5,200 kwa mwezi. Bima ya FHA ya kila mwezi, weka 500. Reti za jiji, yaani kodi ya mali, weka 800. Bima ya nyumba, weka 350. Tuko karibu 6,850 kila mwezi, na bado bomba halijapasuka. Wapangaji wawili wakilipa 5,000 bila kukosa, ninyi mnabaki na 1,850. Mkiishi "bure" kwa 1,850 na paa la miaka mia moja juu ya kichwa, sijui mtu akilipishwa inakuwaje.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo dalali ama halijui ama amelikalia. FHA ikidhamini mkopo wa nyumba ya familia tatu au nne, nyumba yenyewe lazima ipite kipimo cha kujitosheleza. Mthamini anakadiria kodi ya sehemu zote tatu, pamoja na mtakayokaa ninyi. Inapunguzwa angalau robo kwa ajili ya nafasi kukaa tupu na matengenezo. Kinachobaki lazima kifike malipo yote ya mwezi. Kwenu: tatu mara 2,500 ni 7,500. Toa robo, inabaki 5,625. Malipo ni 6,850. Nyumba imeanguka mtihani kwa zaidi ya 1,200. Kwa hesabu yangu, ili nyumba hiyo ipite kwa kodi hizo na riba hiyo, bei ingebidi ishuke hadi karibu 690,000. Na hata ingepita, FHA hutaka kwa nyumba kama hiyo mbaki na akiba ya malipo ya miezi mitatu baada ya kununua. Hiyo ni kama 20,000 nyingine. Ongeza wakili, ukaguzi, bima ya hati na mengineyo ya kukamilisha ununuzi, na 41,000 zenu zimekwisha kabla hamjanunua hata pazia.

Kwa hiyo tatizo si kwamba hamjajinyima vya kutosha. Nyumba hiyo kwa bei hiyo haifai kwa mkopo huo, na ukiuza ploti ya Nakuru hutabadilisha hesabu, utabadilisha tu ukubwa wa hasara. Iacheni Nakuru na lenta yake. Nyumba iliyokwama inaweza kungoja. Ploti iliyouzwa kwa haraka, na muuzaji yuko Amerika, mnajua inauzwa kwa bei gani.

Kuna na suala la mtoto wa miaka mitatu. Nyumba hizo za mbao za Lowell nyingi zilijengwa wakati wa viwanda vya nguo, na rangi iliyopakwa kabla ya 1978 mara nyingi ina madini ya risasi. Madirisha ya kusukuma juu ndiyo mabaya zaidi, maana kila ukilifungua linasaga rangi kuwa vumbi, na vumbi linaishia kwenye vidole vya mtoto. Sheria ya Massachusetts inasema nyumba ya kabla ya 1978 ikikaa mtoto chini ya miaka sita, mwenye nyumba lazima aondoe au afunike hatari hiyo. Leo mwenye nyumba ni mzee. Siku mkitia sahihi, mwenye nyumba ni ninyi, kwa mtoto wenu na kwa watoto wa wapangaji wenu. Na huwezi kumnyima mtu nyumba eti kwa sababu ana mtoto mdogo. Kwa hiyo kabla ya kupenda jiko na sakafu, ulizeni kama kuna cheti cha kuonyesha nyumba imeshughulikiwa, sehemu zote tatu. Na huko mliko sasa, daktari amempima mtoto damu? Lowell iko kati ya miji ambayo watoto hupimwa hadi miaka minne. Kama hajapimwa mwaka huu, piga simu kesho.

Binamu sasa. Hapa nitasema kwa sauti ya shangazi kabisa. Mtu anayetoa 15,000, anakaa ndani, na hataki jina lake liandikwe, anawatengenezea kesi ya mwaka 2031. Akigombana na mumeo atasema nyumba ni ya wote. Akiacha kulipa, mtamtoaje? Na benki itauliza hizo 15,000 zimetoka wapi. Mkisema ni zawadi, atatakiwa aandike barua kwamba hazirudishwi. Hazirudishwi kweli? Mkisema ni mkopo, zinahesabiwa kwenye deni lenu. Mkificha, mmeidanganya benki kwa maandishi, na kama kuna kati yenu ambaye bado anasubiri makaratasi ya uhamiaji, sihitaji kueleza maana yake. Aje kama mpangaji, alipe kodi, apewe risiti. Undugu utabaki salama.

Na hela ya chama ina mtego wa namna hiyo. Benki huomba taarifa za akaunti za miezi miwili ya nyuma, na kila kiasi kikubwa kilichoingia lazima kielezwe. Elfu kumi taslimu zikiingia wiki moja kabla ya kuomba mkopo, zinaweza kukataliwa kana kwamba hazipo. Zamu yenu ikifika, mlipwe kwa njia inayoacha alama, kisha ziache zikae.

Kuhusu hizo 9,600. Mimi nakuamini, benki haitakuamini. Zamu zako za ziada kwa kawaida zinahesabiwa kama una historia yake ya miaka miwili. Uber vile vile, na hapo benki haitazami alichoingiza mumeo, inatazama kilichobaki kwenye ritani ya kodi ya mapato baada ya kukata gharama za gari. Kila dereva anafurahi Aprili akionyesha faida ndogo, halafu anashangaa Oktoba akiambiwa hana mapato. Nendeni na ritani zenu mbili za mwisho mkaone mna mapato gani kwenye karatasi.

Kama nia ya kununua ni ya kweli, na sioni ubaya wake, basi tazameni nyumba ya familia mbili, na mkopo wa jimbo unaoitwa ONE Mortgage, unaotolewa kupitia benki kadhaa kwa wanaonunua mara ya kwanza. Unaanza na asilimia 3 kwa nyumba ya familia moja au mbili, asilimia 5 kwa ya tatu, na hauna ile bima ya mkopo ya kila mwezi. Una mipaka ya mapato na ya akiba, kwa hiyo ulizeni mapema, na lazima mhudhurie darasa la wanunuzi wapya. Chukua mfano wa nyumba ya 640,000: malipo ya awali 19,200, kila mwezi pamoja na reti na bima kama 4,800. Mpangaji mmoja akitoa 2,400, ninyi mnabaki na 2,400. Hiyo ni chini ya zile 2,700 za mzee. Lakini kwa mapato yenu benki itaona mpo pembeni kabisa ya mstari, na kinachowasukuma nje ni mkopo wa gari. Dola 430 kwa mwezi machoni pa benki ni nyingi kuliko zinavyoonekana kwenu. Toeni 7,000 mlimalize hilo gari kwanza. Mtakuwa na 34,000 benki, na mkopaji aliye msafi.

Kwa hiyo mimi ningenunua muda kabla ya kununua nyumba. Mkataba wa mwaka mmoja kwa 2,300 au hata 2,400, gari limalizike, darasa lifanyike, chama kiingie benki, ritani ya mwakani iandikwe kwa kujua benki itaisoma. Halafu ndipo mkaangalie nyumba, na mpitie miji ya Fitchburg na Leominster pia, si Lowell tu.

Mzee akikataa kabisa na ikabidi mhame, habari njema ni kwamba tangu 1 Agosti 2025 anayemwajiri dalali wa kupangisha ndiye anayemlipa. Kabla ya hapo mngetoa mwezi wa kwanza, wa mwisho, dipoziti na mwezi mwingine wa dalali, dola 10,000 mlangoni kwa nyumba ya 2,500. Dalali wa mwenye nyumba akiwaomba ada, mwambieni tarehe hiyo. Kwa wasomaji wengine wenye kipato kidogo kuliko hiki, kuna RAFT, msaada wa jimbo unaofika dola 7,000 kwa mwaka kwa kodi iliyokwama au gharama za kuhamia, na kuna ombi moja la CHAMP linalokuweka kwenye foleni za nyumba za serikali za miji mingi kwa pamoja. Foleni ni ndefu, lakini asiyejiandikisha hayumo kabisa.

Texas? Dada yako hakuambii uongo, nyumba ni rahisi na jimbo halikati kodi ya mapato. Mwulize tu reti zake na bima yake ya nyumba ni ngapi, mvua ya mawe ikipita inakuwaje, na mtu wa kazi yako analipwa ngapi kwa saa Dallas. Ukipata namba hizo zote nne niandikie tena tuzilinganishe.

Na huyo dalali, msimfukuze. Mtumieni ujumbe mmoja wa maandishi: "Tafadhali tuonyeshe hesabu ya kipimo cha kujitosheleza cha FHA kwa nyumba hii, iliyoandikwa na mtu wa benki." Kisha msimtumie kingine mpaka ajibu hicho.

Shangazi